Trela la Zamani, Pesa Mkononi: Vidokezo 12 vya Kuuza Nyumba ya Kiwandani Kama Ilivyo

Uliinunua miaka ile ulipofika Marekani, kodi ya apatimenti ilipokuwa inameza mshahara wote. Nyumba ya kiwandani, ambayo wenyewe tumezoea kuiita trela: ilijengwa kiwandani juu ya chasisi ya chuma, ikaburutwa na lori mpaka hapo ilipo, ikakalishwa juu ya matofali ya saruji. Umepika humo pilau la Idi na chapati za Krismasi. Watoto wamekulia humo. Sasa kazi imehamia mji mwingine, au mmepata nyumba kubwa, na trela lina kiraka kwenye paa, sakafu ya bafuni inabonyea, na mlango wa nyuma haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Jirani keshakuvunja moyo: "Hilo nani atalinunua?"

Mtu atalinunua! Matrela ya miaka ya 1980 na 1990 yanauzwa Marekani kila siku yakiwa na kasoro zake zote. Hali hiyo ndiyo inaitwa kuuza kama ilivyo: mimi sitengenezi kitu, wewe unaona unachonunua, tunapatana bei. Na nikwambie jambo moja mapema: kinachozuia mauzo mara nyingi si sakafu wala paa. Ni makaratasi. Kwa hiyo weka brashi ya rangi chini, chukua bahasha kubwa na kalamu, twende.

1. Shika tarehe moja: Juni 15, 1976

Siku hiyo ndipo kanuni za serikali kuu za ujenzi wa nyumba hizi zilipoanza kutumika, chini ya wizara ya makazi, HUD. Sheria yenyewe ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1974. Sokoni, nyumba iliyojengwa kabla ya siku hiyo na iliyojengwa baada yake ni bidhaa mbili tofauti, hata kama zimesimama jirani na rangi ni ileile. Benki nyingi hazigusi zile za kabla, na mitaa mingi ya matrela haizipokei zikihamishwa. Kwa hiyo yako ikiwa ya 1974, usipoteze wiki kumsubiri mnunuzi wa mkopo. Tafuta mwenye fedha taslimu, na ikiwezekana anayetaka kuishi palepale.

Ikiwa ya 1977 kuja huku, tembea kifua mbele. Na ukiwa Florida au pwani ya Ghuba ya Mexico, na nyumba yako ni ya mwisho wa 1994 au baadaye, litangulize hilo kwenye mazungumzo. Baada ya kimbunga Andrew cha 1992, masharti ya kuhimili upepo yaliongezwa makali kuanzia Julai 1994, na wanunuzi wa huko wanaulizia.

2. Fungua kabati, nyumba ijitambulishe yenyewe

Kila nyumba ya baada ya 1976 ilitoka kiwandani na vitambulisho viwili. Cha kwanza ni kibati chekundu cha HUD, karibu inchi 2 kwa 4, kilichopigiliwa ukutani kwa nje, upande wa nyuma. Trela pana la vipande viwili lina vibati viwili, kimoja kwa kila kipande. Cha pili ni karatasi ya taarifa iliyobandikwa ndani: jina la kiwanda, namba ya nyumba, tarehe ya kutengenezwa, na ramani zinazoonyesha upepo, theluji na baridi ambayo nyumba ilijengwa kuhimili.

Shemeji yangu alipokuwa anauza trela lake la 1987 kule North Carolina, karatasi hiyo tuliitafuta karibu saa nzima. Tulianza na makabati ya jikoni, tukahamia kwenye kisanduku cha umeme, bila bila. Tukaikuta ndani ya kabati la nguo la chumba kikubwa, nyuma ya makoti ya baridi, imegeuka rangi ya chai ya maziwa na kona moja imechanika. Lakini namba zote zilisomeka! Shemeji akapiga picha palepale, na picha ile moja ikajibu nusu ya maswali ya wanunuzi.

Umekosa vyote? Namba ya nyumba imegongwa pia kwenye chuma cha mbele cha chasisi, karibu na pale lori lilipoifunga. Chukua tochi na brashi ya waya, sugua kutu, usome. Ukiwa na namba hiyo, shirika liitwalo IBTS huweza kukutafutia kumbukumbu na kukupa barua ya kuthibitisha kibati kilichopotea. Kibati kipya hakitolewi tena, ila barua hiyo huwatosha wanunuzi na wakopeshaji wengi.

3. Kadi kwanza, mnunuzi baadaye

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Trela ambalo halijaunganishwa kisheria na ardhi huhesabiwa kama mali inayohamishika. Lina kadi kama kadi ya gari, na ofisi yake mara nyingi ndiyo ileile ya magari. Florida na North Carolina ni hivyo, na Florida trela la vipande viwili lina kadi mbili. Texas wana idara ya nyumba za kiwandani ndani ya ofisi ya makazi ya jimbo, TDHCA, inayotoa taarifa ya umiliki. California ni idara ya makazi ya jimbo, HCD. Nenda kwenye tovuti ya jimbo lako au piga simu, uliza: "Nyumba hii namba fulani, imeandikwa kwa jina la nani, na kuna deni lolote juu yake?" Swali hilo moja linaweza kukuokolea miezi.

Kisha kagua mambo haya. Jina: wengi wetu tuna majina matatu, na Wamarekani wameyapanga wanavyojua wenyewe. Kwenye kadi umeandikwa jina la babu mwisho, kwenye leseni la baba. Rekebisha sasa, kabla mnunuzi hajakaa mezani na pesa. Deni: ulimaliza mkopo miaka 10 iliyopita, hongera sana, lakini jina la mkopeshaji linaweza kuwa bado lipo kwenye kadi. Unahitaji barua ya kufuta rehani, na kama kampuni ile ilinunuliwa na nyingine, barua itatoka kwa huyo mpya. Anza leo, kwa sababu barua hizi hutembea polepole kuliko konokono.

Halafu kuna ile yetu ya kuaminiana. Ulinunua kwa Mkenya mwenzako, mkaandikiana karatasi sebuleni, mkanywa chai, kadi ikabaki na jina lake. Yeye sasa kahamia Canada. Mpigie! Mwombe asaini na akutumie kwa posta, gharama zako. Kama aliyeandikwa amefariki, kuna njia ya mirathi, na majimbo mengi yana utaratibu mfupi kwa mali ndogo, ambao karani wa mahakama ya kaunti atakuelekeza ofisi na fomu zake.

Kama trela liko kwenye ardhi yako na kadi ilisharudishwa serikalini ili nyumba na ardhi viwe kitu kimoja, basi hapo unauza nyumba kamili. Utahitaji kampuni ya hati na taratibu zote za ardhi, na bei yako itapanda.

4. Bisha hodi kwa meneja wa mtaa

Kama unalipa kodi ya kiwanja, nyumba ni yako lakini ardhi ni ya mwenye mtaa. Mnunuzi atakayetaka kubaki hapo lazima akubaliwe na uongozi: watapitia kipato chake, rekodi yake, pengine na mbwa wake. Mitaa mingine ina sharti la kuondoa nyumba ya umri fulani inapouzwa. Baadhi ya majimbo yana sheria maalumu zinazomlinda mwenye nyumba, kama California na Florida, kwa hiyo ukiambiwa "haiwezekani", omba uonyeshwe kwa maandishi.

Nenda mapema, nenda na tabasamu, uliza maswali manne: kodi ya kiwanja ya mnunuzi mpya itakuwa kiasi gani? Fomu ya maombi inapatikana wapi? Mnataka nirekebishe nini kwa nje kabla sijauza? Na je, mtaa wenyewe haununui? Hilo la mwisho usilione haya kuliuliza. Wapo wamiliki wa mitaa wanaonunua matrela ya ndani ili wapangishe, na unaweza kumaliza biashara bila tangazo hata moja.

5. "Kama ilivyo" haina maana ya "funika kombe"

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye kuuza trela, usemi huo uache nyumbani kwa wahenga! Kuuza kama ilivyo kunakuondolea kazi ya kutengeneza. Hakukuondolei wajibu wa kusema unachokijua. Majimbo mengi yanataka muuzaji aeleze kasoro anazozifahamu, na aliyeficha paa linalovuja anaweza kuburutwa mahakamani hata kama mkataba uliandikwa "kama ilivyo" kwa wino mwekundu.

Na mbali na sheria, kusema ukweli kunauza. Siku mnunuzi wa kwanza wa shemeji alipofika, mzee mmoja fundi wa mabomba aliyestaafu, shemeji hakusubiri. Alimpeleka moja kwa moja bafuni, akakanyaga pembeni ya beseni la kuogea, sakafu ikashuka kama godoro. "Hapa pameoza," akamwambia. "Bomba lilivuja, nikalifunga, mbao sikuzibadilisha." Yule mzee akachuchumaa, akagonga kwa kidole, akauliza ukubwa wa sehemu iliyooza. Kisha akasema maneno ambayo bado nayakumbuka: kama huyu mama amenionyesha hili, sina sababu ya kuogopa mengine. Bei ilipungua kidogo. Imani ilipanda sana.

Kwa hiyo andika ukurasa mmoja: vitu vinavyofanya kazi, vitu vibovu, na vile usivyovijua. Mpe kila mnunuzi nakala, asaini kuwa ameipata. Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, sheria ya serikali kuu inakutaka pia useme unachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi, umpe kijitabu cha serikali kinachoeleza hatari zake, na umpe nafasi ya siku 10 kupima akitaka.

6. Tembea kwa visigino

Hujui kasoro zote? Vaa viatu vya kisigino kigumu, upite kila chumba polepole. Sakafu nyingi za zamani ni za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Zikinywa maji zinavimba, kisha zinamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Kanyaga mbele ya choo, chini ya madirisha, mlangoni, na kando ya hita ya maji.

Ukimaliza, inua kipande cha sketi, ile inayoziba uvungu kuzunguka nyumba, umulike ndani. Je, turubai jeusi la chini limechanika na pamba ya joto inaning'inia? Matofali yamenyooka? Mikanda ya chuma inayoshikilia nyumba dhidi ya upepo bado imekaza? Halafu tazama mabomba. Ya plastiki ya kijivu, yaliyotumika sana kati ya 1978 na 1995, yana historia ya kupasuka na yalizua kesi kubwa Marekani, na mnunuzi mjuzi atayatafuta. Nyumba za mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 huenda zina nyaya za alumini, ambazo maungio yake hupata moto. Hutengenezi, unaandika tu. Dakika 40, kazi imekwisha.

7. Dola 200 zinazofanya kazi kuliko 5,000

Kubadilisha mazulia? Hapana. Jiko jipya? Hapana! Pesa unayoimwaga ndani ya trela la zamani ni nadra kurudi yote. Lakini usafi unarudi, tena na wenzake.

Toa kila kitu usichohama nacho. Osha kuta za nje kwa mashine ya maji ya kukodi, polepole, ukielekeza maji chini ili yasipenye kwenye maungio. Badilisha balbu zote ziwe za rangi moja. Kata nyasi. Rudisha vipande vya sketi vilivyoanguka, kwa sababu mnunuzi akiona uvungu wazi anawaza panya. Na harufu, ndugu msomaji, harufu! Pua yako imezoea, ya mgeni haijazoea. Chemsha vitunguu na samaki wiki nyingine. Fungua madirisha siku mbili, bandua makaratasi yote yenye mafuta nyuma ya jiko, osha mapazia. Wala usipulize manukato makali: mnunuzi atajiuliza unaficha nini.

Paa linavuja kwa sasa hivi? Hapo tu nakuruhusu kopo moja la lami ya paa. Maji hayasubiri mkataba.

8. Bei: uliza majirani, siyo moyo wako

Moyo utakwambia dola nyingi, kwa sababu mwanao alijifunza kutembea kwenye ile korido. Ulizia badala yake matrela matatu yaliyouzwa karibuni mtaani kwenu au mitaa jirani: mwaka gani, upana gani, yalikwenda kwa ngapi. Meneja anajua. Tazama pia matangazo kwenye MHVillage, soko la mtandaoni la nyumba hizi, ila kumbuka bei ya tangazo si bei ya mauzo.

Kisha fikiri kama mnunuzi. Tuseme matrela mazima kama lako yanauzwa dola 22,000. Fundi kasema sakafu ya bafuni ni 1,500 na paa 3,500. Mnunuzi hatakata 5,000 tu kwenye bei, atakata na ya usumbufu wake. Ukitangaza 17,500 ukiwa moyoni una 15,000, mna pa kukutania. Andika pembeni kiasi ambacho chini yake huuzi, mwonyeshe mwenzi wako, msikigeuze mbele ya mteja.

Na kama nyumba lazima ihamishwe, bei inaporomoka, maana kuihamisha kunagharimu maelfu ya dola: lori, vibali, kuifungua, kuikalisha upya, umeme, maji. Kwa hiyo nyumba inayoruhusiwa kubaki ilipo ina thamani ndani ya ile ruhusa yenyewe. Ndiyo sababu kidokezo namba 4 kilitangulia!

9. Jua nani anatoa pesa

Wanunuzi wa trela la zamani si wa aina nyingi, na kila mmoja anataka neno lake. Kuna familia inayokimbia kodi ya apatimenti, kama wewe ulivyokuwa: zungumza nao shule, basi na kodi ya kiwanja. Kuna mtu mwenye shamba anayetaka mahali pa kulala fundi au mama yake: huyo anataka kujua chasisi, ekseli na matairi. Kuna mwekezaji anayenunua kwa bei ya kutupa, analipa haraka, anapangisha. Usimdharau ukiwa na haraka, ila mwambie akuonyeshe pesa.

Jihadhari na anayesaini mkataba wa kununua nyumba yako kisha anazunguka kutafuta mtu wa kumuuzia huo mkataba, huku wewe umefungwa miezi miwili. Weka tarehe ya mwisho na kishika uchumba kisichorudishwa. Anayetaka kukulipa kidogo kidogo kila mwezi naye ni mteja, lakini ukopeshaji wa aina hiyo una sheria za serikali kuu na za jimbo. Mwone mwanasheria kwanza, na kadi isitoke mkononi mwako kienyeji.

10. Biashara ni matangazo

Piga picha asubuhi, mapazia wazi, simu ikiwa imelazwa. Picha 15 zinatosha: nje pande nne, kila chumba, hita, kiyoyozi, kisanduku cha umeme, na ile sakafu mbovu. Ndiyo, iweke! Itawachuja watu ambao wangekupotezea Jumamosi.

Kwenye maneno, weka namba kabla ya sifa: mwaka, kiwanda, urefu na upana kwa futi, vyumba, kodi ya kiwanja kwa mwezi na inachojumuisha, kama nyumba inabaki au inahamishwa, kwamba kadi iko mkononi na haina deni, na kwamba inauzwa kama ilivyo. Maneno "kadi iko mkononi" peke yake yanapigiwa simu. Weka kwenye MHVillage, Facebook Marketplace na Craigslist, bandika na karatasi kwenye ukuta wa dobi la sarafu, kisha tuma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, msikiti na chama cha kwenu. Ila chunga kalamu: usiandike "Waafrika tu" wala "familia ya Kikristo". Sheria ya haki ya makazi ya 1968 inakataza ubaguzi kwenye matangazo, hata kama nia yako ilikuwa kumsaidia wa nyumbani.

11. Pesa ihesabiwe benki

Kutaneni kwenye tawi la benki ya mnunuzi, hundi ya benki ichapwe mbele ya macho yako. Hundi iliyokuja kwa posta ikiwa na kiasi kikubwa kuliko bei, eti urudishe chenji? Tapeli huyo! Hundi itakataliwa baada ya siku kadhaa, na chenji yako itakuwa imekwenda moja kwa moja.

Ukilipwa noti, ziweke benki zote kwa mkupuo. Benki itaripoti amana ya noti inayozidi dola 10,000, jambo la kawaida kabisa, wala siyo kodi. Kosa ni kuzigawanya vipande vipande ili zisiripotiwe: kugawanya kwenyewe ndiyo jinai. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa woga tu. Usifanye.

Na faida je? Kama trela lilikuwa makazi yako makuu kwa angalau miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuuza, serikali kuu haitozi kodi ya faida mpaka dola 250,000 kwa mtu mmoja, au 500,000 kwa wanandoa wanaowasilisha fomu pamoja. Trela linahesabika kama nyumba. Huna haja ya kukosa usingizi.

12. Kabidhi kwa maandishi, ndipo upeane mikono

Andaa mkataba wa mauziano: majina kamili, namba ya nyumba, bei, tarehe, vitu vinavyobaki (jokofu, jiko, kibanda cha nje), na sentensi kwamba nyumba inauzwa kama ilivyo bila dhamana na mnunuzi amepewa ukurasa wa kasoro. Majimbo mengine yanataka saini ya kwenye kadi iwekwe mbele ya notari, kwa hiyo usisaini nyumbani kwa bidii. Uliza kwanza.

Pata risiti ya kaunti kwamba kodi ya mali imelipwa, na barua ya meneja kwamba hudaiwi kodi ya kiwanja. Kabla ya kuondoka ofisi ya kadi hakikisha maombi ya kuhamisha kadi yameingia, na ikiwezekana nendeni pamoja, mnunuzi na wewe. Shemeji na yule mzee walikwenda pamoja kwa gari moja, wakarudi wakila kuku. Ukikumbuka, toa taarifa ya mauzo mwenyewe pale jimbo linapokuruhusu, ili faini na kodi za kesho zisikufuate wewe. Bima ivunje baada ya jina kubadilika, siyo kabla. Umeme na maji vihamishwe siku hiyohiyo. Nakala za kila karatasi ziingie kwenye ile bahasha kubwa tuliyoanza nayo, uhame nayo.

Sasa umebaki wewe na kabati. Leo ukitoka kazini, kabla hujakaa kwenye kochi, washa tochi ya simu, sogeza makoti ya baridi pembeni na uitafute ile karatasi. Ukiipata, ipige picha, na kesho asubuhi piga simu ofisi ya kadi ya jimbo lako.